Mwalimu na Swali Lake: Watu Waliokuja Kuisoma Ufipa

Mhadhara uliosomwa Sumbawanga mbele ya walimu, wanafunzi na wazee wa mji



Chuo kidogo kinapochapa kijitabu cha kuwakaribisha wanafunzi wapya, aghalabu huwekwa humo ukurasa wa walimu, na ukurasa huo huwa ni orodha ya majina, na mbele ya kila jina shahada, na mbele ya shahada mahali ilikopatikana: huyu Dar es Salaam, huyu Morogoro, yule ng'ambo. Mzazi huusoma ukurasa ule kwa kicho, akaridhika kwamba mwanawe ataangukia katika mikono ya wasomi; walakini akikifunga kijitabu, amejua walimu walikotoka na hajajua wanatafuta nini. Kusudio la mhadhara huu ni kudai kwamba habari hiyo ya pili ndiyo yenye uzito, na kwamba mwalimu asiye na swali analolifuatia kwa miaka, hata awe na shahada tatu, hupokea kwa mkono mmoja akatoa kwa mkono wa pili, na mzigo haukuongezeka wala haukupungua njiani.

Sitaithibitisha hoja hii kwa mifano ya mbali, kwa kuwa nyanda hizi zilizoinuka baina ya Ziwa Tanganyika na Ziwa Rukwa zimekwisha kuwa darasa la watu wengi, waliotoka pande nyingi za dunia, kila mmoja na elimu yake na swali lake. Nitawataja wachache wao, na juu ya kila mmoja nitauliza mambo matatu: alitoka wapi, alishika swali gani, na ni nani aliyemfundisha alipofika huku. Jambo la tatu ndilo ambalo vitabu hulipitia upesi, nami ndilo ninalotaka tulishike.

Tuanzie pwani; nayo pwani yetu ni ile ya Ziwa Tanganyika, ambako Karema, Kirando, Kipili na Kasanga zilijua majahazi na wageni kabla Sumbawanga haijawa mji. Karema ilijengwa ngome mwaka 1879 na Wabelgiji wa jumuiya ya Mfalme Leopold, na mwaka 1885 wakaachiwa Mapadri Weupe, ambao waliigeuza kuwa kituo cha dini, cha shule na cha tiba. Askofu Adolphe Lechaptois, Mfaransa aliyeliongoza kanisa la sehemu hizi tangu 1891 mpaka alipofariki mwaka 1917, hakuandika barua za dini peke yake. Mwaka 1913 ilichapwa kazi yake kubwa kwa Kifaransa juu ya nchi za kandokando ya ziwa, yenye habari za makabila, desturi na itikadi zao. Alikuja kufundisha, na hapana shaka alifundisha. Lakini kurasa zile ni ushahidi kwamba kwa miaka mingi yeye mwenyewe alikuwa mwanafunzi wa watu aliokuja kuwafundisha, kwa sababu mambo ya matambiko na ya unyumba hayaokotwi njiani, sharti pawe na mtu mzima aliyekubali kuketi na kuyaeleza.

Katika kituo hicho hicho palikuwa na mtu ambaye, lau ningeombwa kuandika ukurasa wa walimu wa chuo cha kwanza cha Ufipa, jina lake ningelitanguliza. Huyo ni Adrian Atiman. Alizaliwa mbali sana, katika nchi za Mto Niger huko Afrika ya Magharibi; akatekwa angali mtoto, akauzwa, akavushwa jangwa, akakombolewa na mapadri katika Algeria, akapelekwa Malta kusomeshwa utabibu, na mwaka 1888 akaanza safari ya kuja Tanganyika. Akaishi Karema kwa zaidi ya miaka 60 akiwatibu watu, akaoa huku, mwanawe akawa padri, naye akafa mwaka 1956 akiwa mzee anayejulikana ziwa zima. Habari za maisha yake alizisimulia mwenyewe, zikachapwa mwaka 1946 katika jarida la Tanganyika Notes and Records. Mtu akiutazama wasifu wake kwa macho ya makarani wa siku hizi, ataona cheti kimoja tu cha Malta. Akiutazama kwa macho mengine, ataona swali moja lililoshikwa kwa umri mzima: mgonjwa huyu aliyelala mbele yangu, katika mji huu usio na hospitali nyingine, ataponaje? Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone, na kwa Atiman msemo huo haukuhitaji tafsiri.

Sasa tupande kutoka ziwani tuje nyandani, kwenye jambo lililowavuta wachunguzi kuliko mengine yote, nalo ni chuma. Wafipa wa zamani walikuwa mafundi wa chuma wa kusifika, na mpaka leo mtu akitembea sehemu za Nkansi huyaona matanuri yao yamesimama porini, mengine mazima, mengine yamebomoka nusu. Tanuru hilo huitwa ilungu, na yakiwa mengi malungu. Ni refu kuliko mtu, kiasi cha mita 3 hivi, limejengwa kwa udongo wa kichuguu, pana chini na jembamba juu, na chini yake limezungushiwa matundu ya kupitishia kewa za udongo. Ajabu yake ni kwamba halikuvukutwa. Urefu wake wenyewe uliivuta hewa kuingia chini na kutoka juu, na moto ukala kuni, makaa na mawe ya chuma bila ya mtu kushika mvukuto. Kilichotoka humo hakikuwa bado chuma cha kufulia jembe, bali bonge lililochanganyika na takataka, nalo likapelekwa katika tanuru dogo liitwalo kintengwe, na hapo ndipo mivukuto ilipofanya kazi, mpaka chuma kikatakata na kukabidhiwa mhunzi.

Watu wa namna mbalimbali waliliendea tanuru hili, na kila mmoja aliona kile ambacho elimu yake ilimwandaa kukiona. Greig aliandika juu yake mwaka 1937, na Wise mwaka 1958, wote katika jarida lile lile nililolitaja. Na huyu wa pili, baada ya kueleza ufundi, akaongeza makala nzima juu ya mila zake. Alieleza kwamba tanuru jipya lilitendewa kama bibi harusi, kwamba kiongozi wa kazi alikuwa na dawa zake alizozihifadhi kwa siri, na kwamba wafanyakazi walijitenga na wake zao kwa muda wote wa kuyeyusha. Kisha akaja Wembah-Rashid wa Makumbusho ya Taifa, Mtanzania aliyeandika mwaka 1969 juu ya wafua chuma wa Ufipa wakati ambapo wazee walioijua kazi kwa mikono yao walikuwa wanapungua mwaka hata mwaka. Baadaye Randi Barndon wa Bergen, Norway, aliwalinganisha Wafipa na Wapangwa, akauliza kama inajuzu kuutenga ufundi na mila, kuuita huu elimu na ile ushirikina, ilhali fundi mwenyewe hakupata kuvitenga.

Lakini nataka tusimame kidogo kwa Bertram Mapunda, msomi wa Kitanzania wa akiolojia, aliyefundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambaye shahada yake ya udaktari aliipata katika Chuo Kikuu cha Florida, Marekani, mwaka 1995. Kwa desturi ya vijitabu vyetu angeandikwa hivyo tu, Florida, 1995, basi. Kumbe shahada ile ya Florida ilichimbwa Nkansi! Waliomtangulia waliyatazama malungu marefu yanayoonekana, wakadhani ndiyo historia yote ya chuma ya Ufipa. Mapunda alishuka mpaka pwani ya ziwa, akaokota vipande vya udongo na mavi ya chuma, akapata tanuru za namna nyingine, fupi na pana, ziitwazo katukutu, ambazo ni za kale kuliko malungu. Akathibitisha hivyo kwamba nchi hii haikuwa na ufundi mmoja uliorithiwa bila ya kubadilika, bali ilikuwa na mafundi waliojaribu, wakageuza, wakaacha na kuanza upya. Swali lake lilikuwa jepesi kulitamka: je, zamani hizo zilikuwa moja au nyingi? Jibu lake lilibadilisha namna ya kumfikiri mhunzi wa Kifipa, akatoka katika kundi la watunza desturi akaingia katika kundi la wavumbuzi.

Kadhalika Roy Willis, Mwingereza aliyesomea elimu ya jamii za watu huko Oxford, akaishi Ufipa kuanzia mwaka 1962 mpaka 1964, akaja kufundisha Edinburgh. Kutokana na ukazi wake vilitoka vitabu kadhaa: kimoja cha 1966 cha kuwaeleza Wafipa na jirani zao, kimoja cha 1978 cha hadithi na masimulizi yao, na kimoja cha 1981 juu ya dola ya kale, ambamo alizichambua habari za ufalme wa Milansi, za wanawake watatu wageni waliokuja kuutwaa utawala, na za kugawanyika kwa nchi kuwa Nkansi na Lyangalile. Msomaji asiye mwangalifu atasema mtu huyu alikuwa na maswali mengi. Mimi naona alikuwa na moja, nalo alilitamka waziwazi mwaka 1989 alipoliita fumbo la amani ya Ufipa. Karne ya kumi na tisa nchi hii ilijua vita na uvamizi. Yeye alipofika aliwakuta watu wanaosifu ukarimu, mazungumzo ya adabu na kazi ya jembe, na ugomvi wa kupigana ni aibu kwao. Yalitokeaje mageuzi hayo? Wengine huitafiti vita na sababu zake, lakini kuitafiti amani, kuiuliza imetoka wapi na inatunzwaje, ni jambo adimu, na tunu hiyo aliipata huku.

Kathleen Smythe, mwanahistoria wa Kimarekani, alikuja katika miaka ya 1990 na swali lililofungamana na hilo: kwa nini Ukatoliki uliota mizizi Nkansi kwa nguvu kiasi kile? Wengi wangejibu upesi kwamba wamisionari walikuwa na shule, dawa na nguvu ya serikali. Yeye hakuridhika, aliketi na wazee, wanaume na wanawake, akawauliza habari za utoto wao, walilala wapi, nani aliwalea, nani aliwapa mafunzo ya usiku. Akagundua kwamba mtoto wa Kifipa hakukaa chini ya paa la wazazi wake mpaka ukubwani. Alipokuwa na umri wa kujitegemea kidogo alihamia kwa babu na bibi, au katika nyumba ya vijana wenzake, akafundwa huko. Basi bweni la misheni halikuwa kitu kigeni kabisa machoni pa mzazi. Lilikaa mahali palipokuwa na desturi. Kitabu chake cha 2006, kinachoeleza miaka ya 1880 mpaka 1960, kisingekuwapo pasipo kumbukumbu za bibi wa Nkansi aliyejua alilala wapi alipokuwa msichana.

Wengine nitawapitia kwa haraka, si kwa sababu kazi zao ni ndogo. Chini ya ukingo wa Ufipa, katika bonde la Rukwa, nyasi zinazofurika na kukauka kila mwaka ni mojawapo ya mazalio ya nzige wekundu, ambao kuanzia mwaka 1930 mpaka miaka ya katikati ya 1940 waliila nusu ya Afrika ya kusini mwa ikweta. Desmond Vesey-FitzGerald, aliyekwisha kuchunguza mimea Shelisheli na Uarabuni, aliletwa na shirika la kuwadhibiti nzige lililokaa Abercorn, ambayo leo ni Mbala. Alitumwa kuwatazama wadudu. Akazitazama nyasi, na kutoka nyasi akawatazama wanyama, na mwaka 1960 akaeleza jinsi tembo, nyati na wenzao wakubwa wanavyozikanyaga na kuzila nyasi ndefu, wakawafungulia njia nyamera na wengine wanaopenda machipukizi mafupi. Maarifa hayo yamekuwa msingi wa elimu ya malisho katika hifadhi nyingi. Na mpakani, kwenye maporomoko ya Kalambo, Desmond Clark alianza kuchimbua mwaka 1953 upande ambao leo ni wa Zambia. Na mwaka 2023 Larry Barham wa Liverpool na wenziwe walitangaza magogo mawili yaliyochongwa na kupachikwa kwa mkono wa binadamu wa kale, yenye umri wa takriban miaka 476,000.

Mabibi na mabwana, nimewataja watu hawa si kwa nia ya kuwatukuza wageni. Nimewataja ili tuulize wamefanana kwa nini, maana kwa asili, kwa dini na kwa elimu hawakufanana hata kidogo. Naona wamefanana kwa mambo mawili. Kwanza, kila mmoja alikuwa na swali linaloweza kushikwa: tanuru hili, mtoto huyu, nyasi hizi. Pili, waliokuja kusoma watu na kazi zao walifundishwa na mtu wa hapa ambaye hana shahada. Nyuma ya makala ya Wise yuko fundi. Nyuma ya kitabu cha Willis yuko msimulizi. Nyuma ya Smythe yuko bibi. Hao nao ni walimu wa chuo, ila hawajaandikwa katika ukurasa.

Na bado wapo. Nendeni mkamtazame mkulima anayejua ntumba. Katika nchi hii isiyo na miti mingi ya kukata na kuchoma, kama walivyofanya jirani zetu wa Ubemba, wazee waliyafanya majani yenyewe kuwa mbolea: wakati wa mvua mkulima hulima nyasi, akazikusanya, akazifunika kwa udongo uliogeuzwa mizizi juu, hata shamba likajaa matuta ya mviringo yaliyopangwa kama nukta; akapanda maharage juu yake, na nyasi zikaoza ndani kwa miezi; mvua za mwaka wa pili zikija, tuta likatawanywa na ulezi ukamwagwa katika udongo uliorutubika. Mkono mmoja na jembe moja, pasipo gunia la mbolea ya dukani. Leo Rukwa imehesabiwa miongoni mwa mikoa inayolilisha taifa kwa mahindi, na mahindi yanataka mbolea, na bei ya mbolea kila mkulima anaijua. Je, ni mwalimu gani wa kilimo, wa kemia au wa hesabu, katika vyuo vya mkoa huu, ambaye amelipima tuta la ntumba, akajua linaurudishia udongo kiasi gani cha rutuba, na kwa kazi ya siku ngapi, na kama laweza kuoanishwa na mahindi? Swali hilo halihitaji maabara ya Florida kulianza. Linahitaji mizani, daftari, misimu kadhaa ya subira, na mzee mmoja wa kuelekeza.

Najua jibu litakalokuja. Mwalimu wa chuo kidogo ana vipindi vingi, maktaba yake ni haba, na fedha za utafiti huishia katika miji mikubwa. Haya yote ni kweli, na sitayadharau. Walakini sisi tulio hapa tunayo mali ambayo wale wageni waliinunua kwa gharama kubwa, nayo ni ukaazi. Willis alihesabu miaka miwili. Mwalimu wa Chuo cha Ualimu Sumbawanga, au wa Kampasi ya Rukwa ya Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Mbeya, huenda akakaa 20. Mgeni aliondoka na maandishi yake, akayachapa kwa Kifaransa au kwa Kiingereza, na mjukuu wa yule yule aliyemfundisha hawezi kuyasoma bila ya mkalimani. Mwenyeji anaweza kuandika kwa Kiswahili, akasomewa na mzee aliyemfundisha, na mzee akasema hapa umekosea, hapa umepata. Usahihisho wa namna hiyo hakuna chuo kikuu cha ng'ambo kinachoweza kuutoa.

Basi naomba mambo matatu, nayo hayana gharama ya kutisha. La kwanza, kila chuo cha mkoa huu, kikichapa tena kijitabu chake, kiandike mbele ya jina la mwalimu, chini ya shahada yake, swali moja analolichunguza, kwa maneno ambayo mzazi wa kijijini ataelewa. Na mwalimu asiye nalo apewe muhula mmoja wa kulitafuta. La pili, mzee anayemfundisha mtafiti, awe mhunzi, mkunga, mkulima au msimulizi, aandikwe jina lake kwa ridhaa yake na alipwe ujira wake, kwa kuwa kazi ya mwalimu ni kazi. La tatu, vitabu hivi vilivyoandikwa juu yetu vitafutwe, viwekwe mahali ambapo mwanafunzi wa Sumbawanga ataweza kuvifungua, na sura zake zilizo bora zifasiriwe. Haya yakitendeka, chuo chetu kitakuwa kidogo kwa majengo tu. Yasipotendeka, mtu mwingine atakuja kutoka mbali, atauliza sisi tulichoacha kuuliza, na tutakwenda kuyasoma majibu yake kwa lugha yake.